Namna ya Kuipoteza Filamu Yako Kabla Haijafika Sokoni

Kupoteza filamu ni kazi nyepesi. Mtayarishaji mwenye bidii huimaliza mwenyewe, bila msaada wa mwizi yeyote. Hana haja ya kumsubiri kijana wa Kariakoo mwenye kompyuta moja na rundo la flashi, wala mwenye chaneli ya Telegram anayerusha filamu usiku uleule ilipozinduliwa. Hao hufika mwisho kabisa, wakati mezani pamebaki mifupa.

Mwongozo huu nimeupindua kwa makusudi. Ushauri ulionyooka umetolewa kwenye semina miaka nenda miaka rudi. Watu wameusikiliza, wamepiga picha ya pamoja, kisha wamerudi kutengeneza filamu kwa makubaliano ya mdomo. Basi nitakueleza jinsi ya kuipoteza. Fuata kila hatua kama ilivyo, filamu itakuwa ya mtu mwingine. Geuza kila hatua, itabaki yako. Nakuomba uigeuze, kwa sababu nimewaona watu waliouza viwanja ili kulipa waigizaji, na inaniuma kuona kazi yao ikiwatajirisha watu ambao hawakukesha hata usiku mmoja kwenye kambi ya kupigia picha.

Hadithi ya kijiweni

Anza kwa kutouliza hadithi imetoka wapi. Jamaa amekusimulia kisa kijiweni, umekipenda, umempa hela ya soda na kumwambia akiandike. Amerudi na kurasa themanini. Mkataba hakuna, kwa kuwa mmesoma wote shule ya msingi. Endelea hivyohivyo mpaka siku ya uzinduzi, na siku hiyo utamwona akiingia mlangoni pamoja na wakili.

Wakili huyo atakuwa na hoja, na ni vizuri uielewe mapema. Wazo halina mwenyewe. Kisa cha binti anayetoka kijijini kuja kufanya kazi za ndani mjini, akapendwa na mtoto wa tajiri, si mali ya mtu yeyote. Kingekuwa mali ya mtu, nusu ya Bongo Movie isingezaliwa. Kinacholindwa ni namna kisa kilivyoandikwa: mazungumzo, mpangilio wa matukio, wahusika walivyochorwa mmoja mmoja. Kwa hiyo anayelalamika kwamba wazo lilikuwa lake hana kesi, ila aliyeandika zile kurasa themanini anayo, na hela ya soda haikuzinunua. Sisi tumezoea kinyume chake. Tunaficha wazo hata kwa mpiga picha, tukiogopa litaibwa, halafu skripti yenyewe tunaiacha bila saini.

Ukitaka kupotea kwa kishindo zaidi, chukua riwaya ya mtu, badilisha majina ya wahusika, hamisha mji, kisha piga filamu. Kampuni ndogo ya Ujerumani, Prana, ilifanya hivyo mwaka 1922. Ilichukua riwaya ya Bram Stoker iitwayo Dracula bila ruhusa, ikabadili majina na kuiita filamu yake Nosferatu. Stoker alikuwa ameshafariki, lakini mjane wake Florence alikuwa hai. Alishtaki. Kampuni ilifilisika, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziteketezwe. Filamu tunayoitazama leo imetokana na nakala chache zilizoponea chupuchupu. Mwongozaji wake, F. W. Murnau, alikuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa sinema duniani, na kazi yake ilikaribia kugeuka majivu kwa kukosa barua moja ya ruhusa.

Fasihi yetu inabeba sinema, hilo halina ubishi tena. Vuta N'Kuvute, riwaya ya Adam Shafi, imekuwa filamu mikononi mwa Amil Shivji na ikaoneshwa Toronto mwaka 2021. Anayetaka kupita njia hiyo aanze kwa kuhesabu miaka. Sheria ya Tanzania humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo kwa Tanzania hesabu yake ilifika ukingoni mwishoni mwa 2012. Euphrase Kezilahabi alifariki Januari 2020. Hesabu yake inakwenda hadi 2070. Anayeota kuiona Rosa Mistika kwenye skrini aanze kwa warithi na mchapishaji, asianze kwa kutafuta waigizaji. Na hata kwa Shaaban Robert, filamu ikivuka kwenda nchi yenye muda mrefu zaidi wa ulinzi, hesabu ifanywe upya kwa sheria ya huko. Jina lake, bila shaka, liandikwe kubwa mwanzoni. Heshima hiyo haina tarehe ya kwisha.

Tunaaminiana

Hatua ya pili ni kutengeneza filamu kwa kuaminiana. Mmoja ametoa nyumba, wa pili kamera, wa tatu fedha ya chakula na mafuta ya jenereta, wa nne ndiye staa. Wote ni marafiki. Muulize kila mmoja faraghani filamu ni ya nani, na kila mmoja atakujibu bila kusita kwamba ni yake.

Kila mmoja anasema kweli kwa namna yake, na hapo ndipo msiba unapoanzia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua kama mwenye kazi ya picha na sauti yule aliyefanya mipango iliyowezesha filamu kutengenezwa. Je, aliyefanya mipango ni aliyetoa fedha, au aliyekuwa akipiga simu kutwa nzima kutafuta gari na mavazi? Bila karatasi, swali hilo litajibiwa na hakimu, miaka kadhaa baadaye, wakati filamu imelala kabatini kwa sababu hakuna mnunuzi anayetaka kununua ugomvi.

Wahenga walishalimaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari lenyewe si kubwa. Kabla kamera haijawashwa, washirika waandike ukurasa mmoja au miwili: nani mwenye haki, asilimia ngapi kwa nani, nani anaruhusiwa kusaini mikataba ya mauzo, na mmoja akifariki au akijitoa sehemu yake itakwenda wapi. Mwandishi wa skripti asaini kwamba amehamisha haki au ametoa leseni, kwa malipo gani, na kwamba jina lake litatajwa. Mwongozaji, mpiga picha, mhariri na mtunzi wa muziki wasaini vivyo hivyo. Kila mwigizaji, hata yule aliyebeba sinia la chai kwenye tukio moja, asaini fomu ya ridhaa inayosema picha na sauti yake zinaweza kutumika kwenye filamu, kwenye trela, kwenye bango na kwenye tafsiri za lugha nyingine. Mwenye nyumba aliyetupa sebule asaini kwamba aliruhusu.

Najua jinsi karatasi inavyoonekana kwetu. Ukimpa rafiki mkataba, anakuangalia kama vile umemtuhumu wizi. Mwigizaji mkongwe, mtu ambaye ulikua ukimtazama, unaona haya kumpelekea fomu. Mpelekee, tena mpe muda wa kuisoma, na akiwa na swali mjibu. Karatasi inamlinda na yeye. Sheria ya Tanzania ya 1999 ni ya hakimiliki pamoja na hakishiriki, na hizo hakishiriki ndizo zinazomhusu mwigizaji anayeingia kwenye kamera. Msanii aliyelipwa mara moja kwa mkono, bila maandishi, naye ameibiwa, hata kama aliyemlipa alikuwa na nia njema. Siwezi kumtetea mtayarishaji anayelia kuhusu maharamia ilhali waigizaji wake hawakuwahi kuona hata nusu karatasi.

Nenda leo ukauze filamu kwa televisheni ya kulipia au jukwaa la intaneti, na miongoni mwa mambo ya mwanzo utakayoulizwa ni mlolongo wa hati: kuanzia riwaya au skripti, kupitia waigizaji na muziki, mpaka kwako wewe unayeuza. Kiungo kimoja kikikosekana, mazungumzo yanasimama. Filamu nyingi nzuri za Kiswahili zimekwama hapo hapo, wala hakuna haramia aliyezigusa.

Sekunde saba za muziki

Hapa pana njia ya mkato. Chukua wimbo wa Bongo Fleva unaotamba, uweke kwenye tukio la harusi, na ukiulizwa sema umetumia sekunde saba tu. Mitaani wapo wanaoapa kwamba sekunde saba ni bure, wengine wanasema kumi, wengine thelathini. Hakuna sheria ya namna hiyo, si Tanzania wala Kenya. Kuna ruhusa mbili za kutafuta: ya mtunzi wa wimbo na ya mwenye rekodi ile, nao mara nyingi ni watu tofauti. Ukizikosa, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi, uliopo tangu 2007, utaudaka wimbo huo kabla hata watazamaji wa kwanza hawajafika katikati ya filamu, na fedha ya matangazo inaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Mlipe kijana mwenye kinanda hapo mtaani akutungie muziki wa filamu yako, msainiane. Utapata muziki ambao hakuna filamu nyingine inao.

Cheti na bahasha

Wengine hupoteza filamu kwa kungoja. Wanaamini kwamba bila cheti hawana haki, kwa hiyo kazi inapoibwa kabla hawajasajili wanakaa kimya kwa aibu. Wengine wanaamini kinyume, kwamba cheti ni ukuta na ukishakipata hakuna atakayepita.

Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, na Kenya tangu 1993. Msingi wa mkataba huo ni kwamba haki inazaliwa kazi inapozaliwa, bila sharti la usajili. Skripti ikishaandikwa, picha zikishanaswa, haki ipo. Marekani ilikaa nje ya utaratibu huo kwa muda mrefu, na filamu moja ililipa gharama. George Romero alipotoa Night of the Living Dead mwaka 1968, jina la filamu lilibadilishwa dakika za mwisho, na katika kubadilisha, lile tangazo dogo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani likaachwa. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilidai tangazo hilo liwepo. Filamu ikawa mali ya kila mtu. Imezaa aina nzima ya sinema za wafu wanaotembea, na kila aliyetaka kuitoa au kuiuza aliitoa na kuiuza bila kuomba ruhusa.

Kwetu mtu hapotezi haki kwa kusahau mstari mmoja. Hata hivyo, andika mwishoni mwa filamu jina la mwenye haki na mwaka, na kasajili. Cheti ni ushahidi. Kwenye ugomvi, mwenye cheti cha tarehe ya zamani anaanza akiwa mbele. Tanzania Bara ofisi ya hakimiliki ni COSOTA, ambayo tangu marekebisho ya sheria ya 2022 imebaki na kazi ya usimamizi, huku ukusanyaji na ugawaji wa mirabaha ukiachiwa kampuni za wenye haki. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Aliyepiga filamu Unguja asidhani kila kitu kinamalizikia Dar es Salaam. Kenya ni KECOBO.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Kibali cha Bodi ya Filamu ya Tanzania, kinachotokana na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kinahusu kupiga na kuonesha filamu. Hakisemi filamu ni ya nani. Mtu anaweza kuwa na kibali mkononi na bado asiwe na haki hata ya dakika moja ya alichokipiga.

Na ile bahasha, ya kujitumia skripti mwenyewe kwa posta na kuiacha imefungwa, iachwe ipumzike. Tunza rasimu zote kwa tarehe zake, tunza barua pepe mlizoandikiana, tunza picha ghafi. Mwizi huwa na filamu iliyokamilika tu. Mwenye kazi ana rasimu ya tatu yenye tukio lililofutwa, na ana picha za siku ambayo mvua ilinyesha mkaahirisha.

Nakala ya rafiki

Filamu imehaririwa. Sasa iache kwenye kompyuta ya mhariri, isiyo na neno la siri, katika chumba ambacho vijana watano wanaingia kunakilisha nyimbo. Mpe nakala safi rafiki yako wa redioni, nyingine mpe mfadhili, nyingine mtumie shemeji aliyeko Muscat ambaye ameapa hataionesha kwa mtu. Ikivuja, hutajua imetoka kwa nani, na urafiki wote utaingia shaka kwa mpigo.

Dawa ni rahisi. Kila nakala ya kutazamia iwe na jina la anayepewa limeandikwa juu ya picha, kwa herufi hafifu lakini zinazosomeka, toka mwanzo hadi mwisho. Nakala safi iwe mbili, kwenye diski mbili, katika nyumba mbili. Mhariri asaini kwamba kazi haitatoka kwake, na akimaliza afute mbele yako.

Georges Méliès aliuona msiba huu sinema ikiwa bado changa. Filamu yake ya safari ya mwezini, ya mwaka 1902, ilinakiliwa Marekani na kuoneshwa huko na watu wa Thomas Edison na wengine, bila yeye kupata chake. Aliweka alama ya nyota ya kampuni yake ndani ya mandhari, ili mwizi ashindwe kuifuta bila kuharibu picha. Mwaka 1903 alimtuma kaka yake Gaston akafungue ofisi New York kulinda kazi zao. Alijitahidi kuliko wengi wetu. Mwisho wake alikuwa akiuza vitu vya kuchezea watoto katika stesheni ya Montparnasse, Paris. Wizi haukuwa sababu pekee ya kuanguka kwake, lakini soko kubwa kuliko yote lilikuwa limeshaionja kazi yake bure.

Saini hapa

Hii ndiyo hatua kuu. Ukishindwa kuipoteza filamu kwa njia zote hizo, msambazaji atakusaidia kwa saini moja.

Umemaliza fedha. Waigizaji wawili wanadai. Umekaa ofisini kwa mtu mwenye kiyoyozi na anakuwekea mbele karatasi nne na bahasha. Anasema mkataba ni ule wa kawaida, wote wamesaini. Basi saini bila kusoma. Kama umeamua kusoma, ruka ukurasa wa tatu.

Ukurasa wa tatu ndipo yanapokaa maneno kama haki zote, dunia nzima, milele, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa. Soma taratibu. Tanzania hulinda filamu kwa miaka 50. Neno milele kwenye karatasi ile lina maana ya kwamba kwa bahasha moja umeuza nusu karne: CD za jana, televisheni ya leo, intaneti ya kesho, na kifaa ambacho mtu atakayekibuni hajazaliwa. Waliouza kanda zao zama za VHS na DVD hawakujua kwamba siku moja kungekuwa na YouTube. Karatasi iliyotangulia kununua yote yatakayobuniwa ilikuwa imeshalimaliza hilo kwa niaba yao, na leo wanatazama filamu zao zikivuna watazamaji kwenye chaneli za watu wengine.

Mauzo ya aina hiyo hayakuanza kwa ubaya tu. Baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 kufungua mlango, soko la Bongo Movie lilikua kwa kasi ya ajabu, na msambazaji ndiye aliyekuwa benki, mashine ya kunakilisha na duka kwa wakati mmoja. Alibeba hatari ya kweli, ikiwemo ile ya kukuta nakala bandia mitaani kabla hajarudisha fedha yake. Alitaka kulipa mara moja na kumaliza. Mtayarishaji naye alitaka fedha taslimu, maana asilimia ya mauzo ambayo hawezi kuyahesabu ni ahadi tupu. Nawaelewa wote wawili. Lakini soko lile la CD limekwisha, na ule mkataba wa kuuza kila kitu kwa mkupuo bado unachapishwa na kusainiwa kama vile hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo badala ya kuuza filamu, uza ruhusa. Karatasi iseme ni haki ipi: kuonesha kwenye televisheni, kuweka kwenye jukwaa la intaneti, kuonesha kwenye ndege, kutafsiri. Iseme ni wapi: Tanzania peke yake, Afrika Mashariki, au Ghuba ambako Waswahili wengi wanaishi. Iseme ni kwa muda gani, miaka miwili au mitatu, na tarehe ya kuanza iwe imeandikwa. Iseme kama mnunuzi ana haki hiyo peke yake au unaweza kumpa na mwingine. Halafu iseme ripoti ya mauzo itakuja lini, na kwamba una haki ya kukagua hesabu. Na iwepo sentensi moja inayosema kila haki isiyotajwa hapa imebaki kwa mtayarishaji, na muda ukiisha zote zinarudi. Sentensi hiyo haigharimu kitu na ina thamani kuliko bahasha.

Mnunuzi akigoma kabisa na akataka haki zote, unaweza kumkubalia. Ni haki yako kuuza. Ila bei iwe ya kuuza nyumba, isiwe ya kupangisha chumba. Na kabla ya kusaini, mpe wakili asome. Wakili wa saa moja ni nafuu kuliko taa mlizokodi siku moja. Sheria ya Kenya inasema uhamisho wa haki au leseni ya kipekee hauna nguvu bila maandishi, kwa hiyo kila upande una sababu ya kutaka karatasi, na wewe uwe wa kwanza kuiandika. Anayeleta rasimu ndiye anayeanza kwa kuchagua maneno.

Imeshavuja

Tuseme umefanya yote sawasawa na bado filamu imetoka. Njia ya kuipoteza hapa ni kukasirika kwenye Instagram kwa siku mbili, kuwalaani wezi, kisha kunyamaza.

Filamu iliyovuja ina njia zake za kutembea, na kila njia ina mlango wa kugonga. Ikiwa YouTube, mwenye haki anajaza fomu ya malalamiko, na chaneli ikipata maonyo matatu ndani ya siku 90 inaweza kufungwa. Wakati mwingine haramia anakutangulia: anaipandisha yeye kwanza na kujitambulisha kama mwenyewe, ukija wewe unaambiwa umeiba. Hapo ndipo cheti, mikataba na picha ghafi zinapofanya kazi yake. Kenya iliweka mwaka 2019 utaratibu wa kumwandikia mtoa huduma za intaneti notisi ya kuondoa kazi iliyoibwa. Telegram na makundi ya WhatsApp ni magumu zaidi, na atakayekuahidi kuyamaliza anakudanganya. Ripoti chaneli kubwa, tena na tena, hasa wiki ya kwanza, kwa sababu wiki hiyo ndiyo yenye fedha.

Mabasi ya mikoani yanaonesha filamu kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza. Vibanda umiza vinatoza kiingilio. Vyote viwili ni kuonesha kazi hadharani kwa biashara, na kunahitaji ruhusa. Kuwafukuza wenye vibanda hakutatusaidia. Wao ndio majumba ya sinema ya watu wasio na majumba ya sinema. Nadhani njia bora ni leseni ya bei ndogo inayolipika, inayokusanywa kupitia umoja wa watayarishaji, mwenye kibanda apewe filamu safi na bango halali. Kadhalika wanaotafsiri filamu kwa sauti juu ya picha: wana kipaji, wana watu wao, na kisheria tafsiri ni haki ya mwenye filamu. Filamu ya Kikorea inayotafsiriwa Temeke bila ruhusa imeibwa sawasawa na filamu ya Temeke inayochomwa kwenye flashi. Tukitaka wengine watuheshimu, tuanze kuziheshimu zao.

Mwaka 2023 Tanzania iliweka tozo ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa, kwa ajili ya kuwafidia wenye haki. Filamu ambayo haijasajiliwa popote, ambayo mwenyewe hajulikani au wako watatu wanaogombana, haina atakayeisemea siku ya mgawo.

Kwa waliokwisha kuuza

Kama una filamu uliyouza miaka iliyopita, wiki hii itafute ile karatasi. Iko kwenye sanduku, au kwa mhasibu wa zamani, au haipo kabisa. Ukiipata, angalia mambo mawili: muda, na orodha ya haki zilizotajwa. Kama muda uliandikwa na umekwisha, mwandikie msambazaji barua ya kumjulisha kwamba haki zimerudi, tunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kisha kasajili filamu na uipeleke sokoni upya. Kama karatasi inataja CD na DVD tu na filamu iko intaneti kwa jina la mtu mwingine, mwone wakili. Hapo kuna mazungumzo ya kufanywa. Kama hakuna karatasi yoyote, kaa na waliokuwepo, wangali hai na wanakumbuka, muandike makubaliano sasa.

Steven Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, na filamu alizocheza zinatazamwa mpaka leo na watoto ambao hawakuwepo siku ya mazishi yake. Haki ya kiuchumi hurithiwa kama shamba au nyumba, na filamu huishi kuliko aliyeitengeneza. Basi nakala za mikataba yako ziwe na mtu mmoja zaidi nyumbani anayejua ziko wapi: mke, mume, dada, mtoto mkubwa. Mwoneshe faili, mwambie kila karatasi ni ya nini, na mwandikie kwenye jalada namba ya simu ya wakili.